Nilivyotaka Kuwa Bwana Asiyecheka

Nikikusimulia hii utaniona mjinga. Basi niseme mwenyewe mapema, usije ukapata raha ya kugundua: nilikuwa mjinga, na mashahidi wapo, kijiji kizima.

Juzi nilikwenda Mikumi. Mimi ni fundi baiskeli pale Kimamba, na siku hizi Kimamba matairi yameadimika, ukisikia yapo mahali unaondoka hivyo hivyo na grisi mikononi. Nilipofika nikaambiwa yalikuwepo jana. Basi nikakaa kwenye kibanda cha chai barabarani, nisubiri lori la kurudi. Mwenye kibanda alikuwa ametundika vitabu vya mapenzi, vile vyembamba, amevibana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo kama ameanika. Wasichana wawili wanaouza mayai ya kuchemsha walikuwa wameazima kimoja na wanagombana.

"Mwanaume kamfuata msichana miaka kumi kwa ajili ya kisasi, halafu unasema hampendi?" mmoja anasema. "Miaka kumi! Wa kwangu hata hapo Doma hajanifuata."

"Huyo anampenda baba wa msichana," mwenzake akajibu. "Si ndiye anayemuwaza mchana na usiku?"

Wakanigeukia. "Kaka, hebu wewe mwanaume useme. Mwanaume wa kisasi anafaa?"

Nikawaambia mimi naziba pancha tu. Wakacheka, wakarudi kwenye kitabu chao. Chai yangu ikapoa, nikainywa, ladha sikuisikia. Nilikuwa nimesharudi kwenye ghala la pamba, nina miaka kumi na mitano, kitabu mkononi.

Sisi asili yetu ni mlimani, juu ya Kilosa. Unajua nyumba za mlimani zilivyokuwa: moja hapa, nyingine ng'ambo ya korongo, ukitaka chumvi kwa jirani unapiga kelele kwanza ndiyo unaanza safari. Bibi ndiye aliyenilea, na bibi yangu alikuwa na mdomo. Ukoo wetu na ukoo wa jirani ni watani tangu mababu, kwa hiyo ruhusa anayo. Jirani akipita anasema, "Mchawi huyu bado hajafa?" Bibi hata kichwa hainui, anachekecha unga wake: "Nakusubiri wewe nikuzike kwanza. Kaburi nimeshalipima, tatizo tumbo lako." Halafu anampa togwa kwenye kata, wanakaa wanacheka mpaka jua linazama upande wa pili wa mlima. Mdomo wangu nimeuokota pale.

Ikaja amri ya kuhamia vijijini. Tushuke wote, tukae kwenye mistari njia ya kwenda Tindiga, ambako tutapata shule, zahanati na bomba. Shule ilikuwepo kweli. Bomba lilikuja baadaye, na maji yake baadaye zaidi.

Asubuhi ya kuhama, vyombo vyetu vilikuwa nje, bibi kakaa juu ya kinu kilicholazwa. Jirani akaja na shoka. Nikadhani amekuja kutusaidia mizigo. Akang'oa mlango wa nyumba yetu, akautupa uani. Halafu akachukua kanga ya bibi kwenye tenga, akajifunga, akaokota mkongojo wa bibi, akaanza kutembea kama bibi. Mgongo kaukunja, anakohoa kikohozi cha bibi, analalamika kwa sauti ya bibi kwamba unga wa siku hizi hauna nguvu. Kila akizunguka nyumba anavuta nyasi za paa, anazirusha. Watu waliokuwa wanapita na mizigo yao wakasimama wakacheka. Jirani naye anacheka, machozi yanamtoka. Bibi peke yake hakucheka.

Mambo yale si kwamba sikuwa nayajua. Watani huyafanya msibani. Wanavaa nguo za marehemu, wanamwigiza alivyokuwa anatembea, mwingine anashuka kaburini analala, anasema hatoki mpaka apewe kuku. Lakini siku ile hapakuwa na marehemu. Tulikuwa wazima wote, nyumba nzima, na mtu anamfanyia bibi yangu mbele ya watu kama amekufa. Jua lilipofika kichwani, nyumba yetu ilikuwa rundo la udongo na fito.

Tulipofika kule chini bibi akanyamaza. Hakununa, kununa ningekujua. Ukimwamkia anaitikia marahaba. Ukimpa ugali anakula. Ukimwambia kaa, anakaa. Lakini jirani, ambaye kijijini nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka kwetu, akipita na kurusha neno lake, bibi anamwangalia kama mtu anayeangalia treni ya mizigo. Inapita, imepita. Mwezi ukaisha, na wa pili. Mimi nikaweka moyoni: huyu mtu ndiye aliyeua mdomo wa bibi yangu. Siku nitakayomliza, bibi atacheka tena. Hesabu yangu ilikuwa fupi hivyo.

Sasa mwalimu wetu wa shule ndiye pia aliyekuwa anafundisha kisomo cha watu wazima. Saa kumi, kina mama wakitoka shambani, wanakusanyika kwenye ghala la pamba. Msimu ulikuwa umepita, ghala tupu, wanakalia magunia, na harufu ya mbegu za pamba inakukaa kooni mpaka unapokwenda kulala. Mimi nilikuwa darasa la saba, nasoma bila kukwama, basi mwalimu akanipa kazi ya kuwasomea kina mama mwishoni, wasikie maandishi yanavyotembea. Vitabu vyenyewe ni kilimo bora cha pamba, ufugaji bora wa kuku, choo bora.

"Mwalimu," mama wa mikeka akasema siku moja. Tulimwita hivyo kwa sababu mikono yake ilikuwa haiachi kusuka ukili hata akiandika ubaoni. "Choo tumeshakielewa."

Siku ya pili yake mke wa fundi cherehani akaja na kitabu ndani ya kanga. Kaka yake anafanya kazi ya reli, alikiokota kwenye behewa la daraja la tatu. Jalada hakina, kwa hiyo jina hatukulijua. Sisi tukakiita Bwana Asiyecheka.

Nikueleze kwa ufupi. Kuna kijana, baba yake alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Bosi wa shamba akamsingizia wizi, mzee akafukuzwa, akafa kwa sononeko. Kijana akaondoka, akarudi mtu mzima na suti na gari, hakuna anayemtambua. Bosi ana binti. Kijana kaamua: nitamfanya binti anipende, halafu nimkatae mbele ya watu, baba yake aone. Na tangu ukurasa wa kwanza hacheki. Anaangalia tu. Mwandishi alikuwa anayapenda macho yale, bwana wee, kila ukurasa macho.

Ghala likagawanyika siku hiyo hiyo.

"Mwanaume asiye na kinyongo hana moyo," mke wa fundi cherehani akasema. "Mume wangu nikimkosea asubuhi, mchana kashasahau. Hata raha ya kugombana sina. Huyu ndiye mwanaume."

"Kinyongo ni mchwa," mama wa mikeka akamjibu, ukili unatembea mkononi. "Leo anakula nguzo ya baba mkwe. Akiimaliza unafikiri atakwenda wapi? Anahamia ya kwako."

"Lakini anampenda, hajijui tu!"

"Akijijua aje aniambie."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na daftari la mahudhurio, anajifanya hasikilizi. Akashindwa. "Huyo bwana ni kupe," akasema. "Gari kalipata wapi? Badala ya kushika jembe na wenzake anazunguka na suti kuwinda watoto wa watu. Kitabu hiki hakijengi taifa hata kidogo." Akakaa juu ya gunia. "Haya endelea. Tulikuwa tumefika wapi?"

Bibi naye nilikuwa nakwenda naye, namshika mkono, namkalisha. Kina mama wakimuuliza, "Bibi, wewe huyu bwana unamwonaje?" anasema, "Asome." Basi. Mikono mapajani.

Na binti wa jirani alikuwa anakuja. Tulikuwa darasa moja. Anakaa upande wa mwanga na ungo, anachagua mchele, punje mbovu huku, nzima kule. Nikawa nainua macho kwenye kitabu namwangalia yeye. Baba wa yule bwana alisingiziwa; bibi yangu alichezewa. Yule bwana ana binti wa bosi. Mimi ninaye wa jirani. Gari sina, suti sina, lakini macho ninayo. Kuanzia hapo nikawa nakisoma kile kitabu kama mtu anayesoma karatasi ya dawa: kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Nikaanza kwa kuacha kucheka. Wewe fikiria, mimi, ambaye mwalimu aliwahi kunitoa nje kwa kumchekesha mkaguzi. Siku ya kwanza bibi akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akakoroga mwarobaini, nikanywa kikombe kizima cha uchungu bila kukunja sura kwa sababu yule bwana hakunji sura. Siku ya tatu mama wa mikeka akaniuliza kama ni jino.

Halafu nikaingia kwenye wema usioombwa. Kitabuni yule bwana anamtengenezea binti gari lililoharibika, anaondoka bila kupokea asante. Mimi nikaenda kisimani. Binti wa jirani alikuwa amejaza ndoo, anatafuta wa kumtwisha. Nikaichukua nikajitwisha mwenyewe, nikaipeleka mpaka mlangoni kwao, nikaitua, nikamkazia macho.

"Asante, mtani," akasema.

Kimya. Macho.

"Limeingia vumbi? Njoo nikupulize."

Nikageuka nikaondoka polepole, kama kitabu kinavyosema. Nyuma nikasikia anacheka, mwenyewe, kicheko kidogo. Nikajiambia, dawa inafanya kazi.

Wiki tatu nilibeba ile ndoo. Nikampa na leso, kwa sababu yule bwana alitoa leso ya manukato. Manukato kijijini hayapo, nikaipaka mafuta ya nywele. Ilikuwa na doa kama ramani. Kesho yake nikaiona kwao imetumika kushikia sufuria ya ugali. Lakini kisimani alikuwa ananisubiri sasa, hata wenzake wakiondoka. Ananihadithia habari zake, mimi namkazia macho simsikii, nafikiria ukurasa unaofuata. Aliniambia baba yake anataka kumpeleka Msowero kwa shangazi akajifunze kushona, na yeye amekataa, amesema anapenda kubaki. Sikumuuliza kwa nini. Yule bwana hakuwa anauliza maswali.

Na hapa ndipo penye ujinga wenyewe, ambao hata kuku angeuona. Nilikuwa naiga kitabu nilichokisomea kijiji kizima, tena kwa sauti, na kurasa nzuri narudia kwa maombi ya wasikilizaji. Napita na ndoo kichwani, mke wa fundi cherehani anapiga kelele barazani kwake: "Bwana mdogo! Leo uko ukurasa wa ngapi?" Mama wa mikeka anamjibu kutoka kwake: "Bado hajafika kwenye leso!" Maoni yote waliyokuwa wanayatoa ghalani juu ya yule bwana, wakawa wanayatoa juu yangu njiani. Kwamba mimi nampenda, sijijui tu. Kwamba mimi ni mchwa. Mwalimu akanishika sikio, akanishauri nishike jembe. Wote walidhani ni mchezo. Mtoto wa watani anamchezea mtani wake, kuna ubaya gani? Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mimi sichezi.

Siku yenyewe ilikuwa ya palizi kwenye shamba la kijiji. Kipande cha reli kiligongwa alfajiri, tukaenda wote, mistari ya pamba haina mwisho. Saa nne tukapumzika kwa uji. Watu wamekaa kwenye matuta, vikombe mkononi, jirani yupo katikati anahadithia kama kawaida yake. Bibi nilikuwa nimemkalisha kivulini mwa tela la trekta, aone vizuri. Binti akanisogelea na kikombe, ameniletea uji.

Nikasimama. Sikukipokea. Nikasema kwa sauti ile ya kusomea, ghala zima waliijua:

"Unadhani ndoo nilikuwa nabeba kwa ajili yako? Nilikuwa nakubebea ili baba yako aone. Mimi sikutaki. Binti wa mtu anayevunja nyumba za wazee sikutaki hata nikipewa bure. Na siku nilizokaa na wewe kisimani, nilikuwa nahesabu ziishe."

Shamba zima likaangua kicheko.

Wewe hebu nielewe. Nilikuwa nimetoa sumu yangu yote, na watu wanashika mbavu. Uji unamwagika. Mtani kamtukana mtani! Aliyecheka kuliko wote ni jirani. Akasimama, akapiga makofi, akanijibu kwa desturi: "Humtaki binti yangu? Nani alikualika kwangu, we fuko? Na ile nyumba ya bibi yako nimeivunja, ndiyo, na kesho narudi kuvunja na huo mdomo!" Watu wakazidi. Mke wa fundi cherehani anapiga kelele, "Si niliwaambia! Ukurasa wa mwisho!"

Nikamtazama bibi. Hakucheka.

Nikamtazama binti. Kikombe bado kiko mkononi mwake, kakinyoosha. Akakitua juu ya tuta taratibu, kisimwagike, akachukua jembe lake akarudi kwenye mstari wake, akaendelea kulima peke yake wakati sisi wote tumekaa. Kati ya watu wote wale ni yeye tu aliyenisikia.

Nilikuwa nasubiri utamu. Kitabu kilisema moyo wa yule bwana uliwaka. Wangu haukuwaka wala kupoa. Ulikuwa kama mguu ulioukalia, unaugusa unajua ni wako, lakini habari hauna.

Tulipofika nyumbani bibi akasema, "Kaa hapo, mume wangu." Ndivyo alivyokuwa ananiita zamani, mlimani. Miezi yote ile hakuwa ameniita hivyo. Nikakaa.

"Ile nyumba nilimwambia mimi aivunje," akasema.

Nikaliweka jembe chini.

"Watu walikuwa wanakuja kuzibomoa zilizobaki. Vijana wasionijua. Nyumba ile nimezalia watoto sita, nimezikia wawili uani. Iangushwe na mtu asiyejua hata jina langu? Nikamwita mtani, nikamwambia, njoo unizikie nyumba. Nani anazika kama si mtani? Akaja akafanya yote yanayotakiwa. Akavaa kanga yangu, akatembea mwendo wangu, akacheka mpaka akalia. Nyumba yangu imezikwa vizuri kuliko watu wengi."

"Mbona ukanyamaza, bibi?"

"Nilikuwa nimefiwa. Aliyefiwa anapiga domo? Jirani umemtukana, hilo si kitu, ni mtani, kakujibu mmemalizana. Lakini yule mtoto umemwambia neno la kweli kwenye kelele za utani. Sasa hata kulia hawezi, watamwambia, si utani tu?"

Kesho yake nikasikia binti amekubali kwenda kwa shangazi yake.

Kile kijiji sasa ukikipita utadhani kimepigwa na upepo. Wengi wamerudi mlimani kimya kimya, mmoja mmoja. Ghala mabati yameng'olewa, magunia hayapo, kisomo hakipo, mwalimu alihamishwa. Kitabu kurasa zake ziliishia kwenye sigara za tumbaku, pamoja na macho yote yale. Bibi alifariki masika ya mwaka uliofuata, na jirani akavaa kanga yake, akatembea mwendo wake, safari hii na mimi nikacheka kama inavyotakiwa. Leo hii watu wanafiwa mjini, wanakaa kwenye mkeka na nyuso za karani, watani hawapo, hakuna anayelala kaburini. Kina mama wale sijui wako wapi, na sijawahi tena kusikia watu wakigombania kitabu vile, mpaka juzi Mikumi. Nikiyawaza yote haya siumwi. Najua tu kwamba hapo pangekuwa panauma.

Lakini nilitaka kukuambia ya siku binti wa jirani alipoondoka. Nilimkuta barabarani na mama yake, wanasubiri basi la Kilosa, sanduku la bati liko chini. Nikamwamkia mama yake, akaitikia vizuri tu, akasogea pembeni kununua ndizi. Nikasema nisamehe. Akauliza kwa lipi. Nikasema kwa yale ya shambani, nilidhani baba yake ndiye aliyemkosea bibi, nilikuwa nalipa kisasi, sasa nimejua hakukosea.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Basi likawa limeshatokea kule kwenye kona, vumbi lake mbele.

"Kwa hiyo baba angekuwa amekosea kweli, ingekuwa sawa?" akasema. "Mle ghalani wote mlikuwa mnabishana yule bwana anapenda au hapendi, ana moyo au ni mchwa. Mimi nilikuwa nasubiri mmoja wenu aulize habari za yule msichana. Kitabu kizima tumesoma, anapenda nini, hatujui. Na wewe umekaa na mimi kisimani wiki tatu, naongea. Haya, mtani, basi hilo linakuja, niambie haraka: mimi napenda nini?"